Baraza la Juu na Mpiga Kura wa Kawetele

Kawetele ni kata mojawapo ya mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, katika nchi ya milima, mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Siku ya uchaguzi mkuu wa Tanzania mpiga kura wa hapo hupewa karatasi tatu: ya kwanza ya kumchagua Rais, ya pili Mbunge, na ya tatu Diwani. Mwenzake wa Lamu, katika pwani ya Kenya, hupewa karatasi sita, nazo ni za Rais, Gavana, Seneta, Mwakilishi wa Wanawake, Mbunge, na Mjumbe wa Baraza la Kaunti. Watu hawa wawili husema lugha moja, na nchi zao zote mbili ziliwahi kutawaliwa na Waingereza. Walakini mmoja wao humchagua mtu wa kuisemea kaunti yake, kwa jina la kaunti, katika chumba cha pili cha bunge la taifa. Na mwingine hana karatasi ya namna hiyo, wala baba yake hakuwa nayo, wala babu yake.

Makala haya yakusudia kueleza jinsi tofauti hiyo ilivyotokea. Haikusudiwi kusifu nchi moja na kuilaumu nyingine. Yatosha kuonyesha kwamba jambo linaloitwa baraza la juu lilifika Tanganyika likiwa limevaa vazi moja, na Kenya likiwa limevaa vazi jingine. Na kwamba katika nchi zote mbili watu walipolikataa vazi, walilikataa pamoja na swali lililokuwa ndani yake. Swali hilo ni hili: serikali kuu itakapotaka kuiondolea wilaya madaraka yake, nani mwenye haki ya kuizuia?

Maneno na maana zake

Yafaa kwanza tuyapime maneno. Neno Seneti limetoka katika Kilatini, na asili yake ni neno lenye maana ya mzee. Seneti ya Roma ilikuwa, kwa jina lake, mkutano wa wazee. Neno baraza nalo, kwa msemaji wa Kiswahili wa pwani, ni kwanza kile kikao cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, wanapokaa wenyeji na wageni wakazungumza. Na kutoka hapo likapata maana ya mkutano wa watu wenye shauri. Maneno haya mawili yanakaribiana, maana katika mila nyingi wanaokaa barazani asubuhi ni wazee.

Lakini neno "juu" lataka uangalifu. Mswahili asikiapo baraza la juu hudhani kwamba ni lile kubwa, lenye amri juu ya jingine. Kwa kawaida sivyo. Katika mabunge mengi yenye vyumba viwili, chumba kinachoitwa cha juu ndicho chenye nguvu kidogo, hasa katika mambo ya fedha. Kazi yake ni kuchelewesha, kusahihisha, na kulinda jambo fulani ambalo wingi wa kura peke yake waweza kulisahau. Wala lisichanganywe na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1980. Hilo ndilo chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar yenyewe, si chumba cha pili cha Bunge la Muungano.

Tukitazama dunia, twaona mashina mawili ya baraza la juu. Shina la kwanza ni daraja ya watu: katika Uingereza Baraza la Malodi lilikuwa la wenye vyeo na maaskofu, nao hawakuchaguliwa na mtu. Shina la pili ni ardhi, yaani sehemu za nchi. Waanzilishi wa Marekani walipokutana Philadelphia mwaka 1787 walipatana kwamba katika chumba kimoja watu wahesabiwe kwa wingi wao, na katika chumba cha pili kila jimbo, kubwa kwa dogo, liwe na maseneta wawili. Hata hivyo maseneta hao hawakuchaguliwa na wananchi wenyewe, bali na mabunge ya majimbo, mpaka katiba ilipobadilishwa mwaka 1913.

Majimbo yenyewe ya Marekani nayo yaliiga mfano huo ndani ya mipaka yao. Leo, katika majimbo 50, 49 yana bunge lenye vyumba viwili, na wananchi huchagua maseneta wa jimbo mbali na maseneta wa taifa. Jimbo moja tu, Nebraska, liliamua kwa kura mwaka 1934 kuwa na chumba kimoja, na bunge la namna hiyo likakutana mara ya kwanza mwaka 1937. Katika mengi ya majimbo yale mengine, viti vya seneti viligawanywa kwa kaunti bila ya kujali idadi ya watu. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani ikahukumu kwamba hilo halifai: seneti ya jimbo nayo sharti igawanywe kwa hesabu ya watu, kwa kuwa kaunti ndani ya jimbo si dola zilizoungana kwa mapatano, na uzito wa kura ya mtu usipungue kwa sababu ya mahali anapokaa. Tangu siku hiyo maseneta wa majimbo wako, lakini ile sababu ya zamani ya kuwako kwao, yaani kuisemea kaunti, imeondoka. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana litatusaidia mbele.

Malafyale na ifumu

Wanyakyusa wa Rungwe hawakuwa na mfalme mmoja. Nchi yao ilikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja akiitwa malafyale, na cheo hicho kilikwenda kwa damu. Chini ya malafyale walikuwako wakuu wa vijiji, na mmoja wao huitwa ifumu. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti katika nchi hiyo katika miaka ya 1930, wameeleza vizuri tofauti ya vyeo hivi viwili. Ifumu hakuwa wa ukoo wa utawala. Alikuwa mtu wa kawaida aliyeteuliwa, na cheo chake hakikurithiwa na mwanawe. Kazi yake ilikuwa kukisimamia kijiji chake na kukisemea mbele ya malafyale.

Tena palikuwa na desturi iitwayo ubusoka, ambayo kwayo kizazi kimoja kilikabidhi nchi kwa kizazi kinachofuata. Vijana walikuwa wamekwisha jenga vijiji vyao wenyewe, kwa marika. Na wakati ulipofika watoto wa malafyale walitawazwa, wakuu wa vijiji vipya wakatangazwa, na ardhi ikagawanywa upya. Wazee walisogea kando wangali hai.

Hatusemi kwamba Wanyakyusa walikuwa na seneti. Kulisema hilo kungekuwa kuyapachika mambo ya kale majina yasiyoyafaa. Twasema tu kwamba watu wa nchi ile walikuwa wakiijua, kabla ya mzungu kufika, tofauti ya mtu anayesema kwa sababu ya damu yake na mtu anayesema kwa sababu ya kijiji chake. Tofauti hiyo hasa ndiyo iliyopotea katika mazungumzo ya katiba ya Tanganyika.

Tanganyika: baraza la pili katika vazi la machifu

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika liliundwa mwaka 1926, na kwa muda wa miaka zaidi ya 30 wajumbe wake wote waliteuliwa. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945, nao wote wawili walikuwa machifu: Abdiel Shangali wa Machame na Kidaha Makwaia wa Usukuma. Katika miaka ile ile serikali ilikuwa ikitawala wilaya kwa njia ya wenye vyeo vya asili, na Rungwe haikuachwa nyuma; malafyale wa zamani, aliyekuwa akizungukwa na mafumu wake, akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara na mahakama.

Chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954 na kuenea mikoani, Gavana Twining alitafuta nguzo nyingine ya kuegemea. Mwaka 1957 serikali ilianzisha Mkutano wa Machifu wa nchi nzima. Katika mazungumzo ya katiba ya miaka hiyo likatajwa pia wazo la baraza la pili, ambamo machifu wangekuwa na nafasi yao. Wazo halikutekelezwa. Lakini liliacha alama: kwa Mtanganyika aliyekuwa akipigania uhuru, baraza la pili lilimaanisha machifu, na machifu walimaanisha kucheleweshwa. Kwa maneno ya Rungwe, lililopendekezwa lilikuwa baraza la kina malafyale. Hakuna aliyependekeza baraza la mafumu.

Uchaguzi wa kwanza nao ulikuwa na kasoro yake iliyowashughulisha watu wote. Ulifanywa kwa sehemu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959, na Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, ambalo Rungwe ilikuwa ndani yake, lilikuwa katika sehemu ya kwanza. Kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na asiyetimiza watatu kura yake iliharibika. Ndiyo iliyoitwa kura tatu. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na tena awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au awe amesoma hadi darasa la nane, au awe na cheo kilichotajwa katika sheria. Mkulima wa Kawetele mwenye migomba na miti michache ya kahawa hakufikia kipimo hicho. Mwalimu na karani walifikia.

TANU ilibishana sana juu ya kuingia au kutoingia katika uchaguzi wa namna hiyo, na katika mkutano wake wa Tabora wa Januari 1958 Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe wakubali. Wagombea waliokuwa wa chama au walioungwa mkono na chama walishinda. Miongoni mwa walioingia barazani kutoka Nyanda za Juu Kusini walikuwamo John Mwakangale, mtu wa Rungwe, na Lady Chesham, mkulima mzungu aliyekuwa upande wa TANU.

Ni wazi, basi, kwa nini watu wa wakati ule hawakuuliza habari za chumba cha pili. Shida yao ilikuwa kuzigawanya kura kwa rangi, na dawa yake ilikuwa moja: mtu mmoja, kura moja, bunge moja. Agosti 1960 uchaguzi ulifanywa tena kwa viti 71, na TANU ikapata 70. Katika hivyo, 58 havikupingwa. Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, Bunge la Tanganyika lilikuwa na chumba kimoja. Mwaka 1963 vyeo vya machifu viliondolewa kwa sheria, na wazo la baraza la pili likazikwa katika kaburi moja na uchifu. Mazishi hayo yalikuwa ya haki kwa malafyale wa serikali. Lakini ifumu naye alizikwa humo, na wachache waliona.

Kenya: ukuta wa watu watano

Tuvuke sasa mpaka wa kaskazini, maana huko katika miaka ile ile swali lilijibiwa kinyume. Katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1962, chama cha KADU cha Ronald Ngala kilidai majimbo, kwa hofu kwamba makabila makubwa yaliyokuwa katika KANU yangemeza madogo. Mapatano yaliyofikiwa yalitoa bunge lenye vyumba viwili. Seneti ilikuwa na viti 41, kila wilaya kiti kimoja, na Nairobi nayo kimoja. Hapa shina la ardhi lilipandwa waziwazi: wilaya ya Lamu, yenye watu wachache, ilikuwa na kura sawa na wilaya kubwa za Nyanza na za Mkoa wa Kati. Seneta alichaguliwa kwa miaka sita, na theluthi ya maseneta ilipaswa kuondoka kila baada ya miaka miwili.

Uchaguzi ulifanywa baina ya tarehe 18 na 26 Mei 1963, mfululizo, kwa mabaraza ya majimbo, kwa Seneti na kwa Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo Mkenya naye alipiga kura tatu. Lakini kura zake zilikuwa za ngazi tatu za serikali, si za rangi tatu za watu. Katika Seneti KANU ilipata viti 18, KADU 16 na APP 2. Vichache vilikwenda kwa watu wasio na chama, na vitatu vya kaskazini-mashariki vilibaki wazi kwa sababu Wasomali wa huko waliususia uchaguzi. Tofauti na chumba cha pili inaonekana mara moja: katika Baraza la Wawakilishi KANU ilikuwa na viti mara mbili ya vya KADU, ilhali katika Seneti vyama hivyo vilikaribiana. Ndivyo waliotunga katiba walivyotaka. Spika wa Seneti alikuwa Muinga Chokwe, mtu wa pwani.

Nguvu ya Seneti ile haikuwa katika sheria za kila siku, bali katika kubadili katiba. Ili kuvigusa vifungu vilivyolinda majimbo, zilihitajiwa robo tatu za kura katika Baraza la Wawakilishi na sehemu tisa katika kumi za kura katika Seneti. Tufanye hesabu. Sehemu tisa katika kumi za maseneta 41 ni maseneta 37. Basi maseneta watano tu, wakikataa, waliweza kuilinda katiba yote ya majimbo. KADU ilikuwa nao 16. Kwa karatasi, hapana ukuta uliokuwa imara kuliko huo katika Afrika Mashariki.

Ukuta huo haukudumu hata miaka miwili. Serikali kuu iliyachelewesha majimbo madaraka na fedha zake. Wajumbe wa upinzani wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Na tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja yenyewe, na watu wake wakaingia KANU. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, na mabaraza ya majimbo yakanyang'anywa uwezo wake. Mwaka 1965 kiwango cha kubadili katiba kilishushwa hadi asilimia 65 katika vyumba vyote viwili. Juni 1966, baada ya Oginga Odinga kuunda chama cha KPU, ulifanywa uchaguzi mdogo wa viti vya maseneta na vya wawakilishi waliohama chama. Nao ndio uliokuwa uchaguzi wa mwisho wa maana kwa Seneti ile. Kwa sheria iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka huo, vyumba viwili vikaunganishwa kuwa kimoja mwaka 1967.

Namna ya kuviunganisha yafaa itazamwe. Seneti yenyewe ilikubali kufa kwake. Palikuwa na majimbo ya uchaguzi 117 ya Baraza la Wawakilishi. Yakaongezwa 41 ili kila seneta apate mahali pa kukaa, yakawa 158. Uchaguzi mkuu nao ukasogezwa mbele hadi mwaka 1970. Hakuna aliyepoteza kiti isipokuwa baraza lenyewe, na hakuna mwananchi wa wilaya yo yote aliyeulizwa.

Hapa ndipo ilipo kasoro ya Seneti ya mwaka 1963. Watu wameieleza mara nyingi kwa tamaa ya wakubwa, na tamaa haikukosekana. Lakini chanzo kilikuwa chini zaidi. Seneta wa mwaka 1963 alichaguliwa na wilaya, bali alisimama kwa mguu wa chama. Wilaya yenyewe haikuwa na hazina yake iliyolindwa na sheria, wala baraza lenye nguvu la kumwuliza seneta wake amefanya nini. Mapatano ya Lancaster House yalikuwa ya vyama viwili. Chama kimoja kilipokufa, mapatano yakakosa mwenyewe. Kwa mfano wetu wa Rungwe, palikuwako na ifumu, lakini nyuma yake hapakuwako kijiji.

Kilichotokea baada ya chumba kimoja

Sasa turudi Tukuyu tuone thamani ya jambo lililopotea. Baada ya uhuru Rungwe ilikuwa na Halmashauri ya Wilaya iliyochaguliwa, nayo ilishughulikia shule, barabara na zahanati. Mwaka 1972 serikali ilitangaza mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za wilaya zilizochaguliwa zikaondolewa katika nchi nzima. Kazi zake zikachukuliwa na maofisa walioteuliwa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, ambavyo vilikuwa vikinunua kahawa na mazao mengine ya wakulima, vilivunjwa navyo. Serikali baadaye iliona kwamba mambo hayo mawili yalileta hasara. Sheria mpya za serikali za mitaa zilitungwa mwaka 1982, na halmashauri zikarudi mwaka 1984.

Atasema msomaji: Rungwe ilikuwa na mbunge wake, kwa nini hakusema? Jibu ni kwamba mbunge huchaguliwa kuwa sehemu ya wingi, na katika chama kimoja wingi ule ulikuwa umekwisha amua. Wananchi waliweza kumwondoa mtu. Mwaka 1965, walipochagua baina ya alama ya jembe na alama ya nyumba, hata mawaziri waliangushwa, na Paul Bomani ni mmoja wao. Lakini kumbadilisha mtu si sawa na kuilinda wilaya. Kwa muda wa miaka 12 halmashauri haikuwako, na katika katiba hapakuwako kiti hata kimoja ambacho mwenyewe alilazimika, kwa kazi yake, kuuliza kwa nini.

Wala tusidhani kwamba Tanzania haikujua kabisa namna ya kulinda sehemu dhidi ya wingi. Ibara ya 98 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kwamba mambo fulani yanayohusu Muungano hayabadilishwi mpaka yaungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Tanzania Bara na theluthi mbili ya wabunge wa kutoka Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Kanuni hiyo hiyo ya theluthi mbili kwa kila upande ilitumika katika Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014. Kwa kweli huo ni mlango wa baraza la juu uliotiwa ndani ya nyumba ya chumba kimoja: wabunge ni wale wale, ukumbi ni ule ule, lakini kwa mambo hayo huhesabiwa kwa ardhi, si kwa vichwa tu. Zanzibar imelindwa hivyo, na ni haki yake, maana ilikuwa dola kabla ya mwaka 1964. Wilaya za Bara hazimo katika hesabu hiyo.

Kenya kwa upande wake ilirudi kwenye Seneti. Katiba iliyoanza tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47, na kila kaunti humchagua seneta mmoja. Pamoja nao wako wanawake 16 wanaoteuliwa na vyama kwa kadiri ya nguvu zao, vijana wawili, watu wawili wenye ulemavu, na Spika, jumla 68. Katika uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyeshinda kiti cha kaunti. Mwaka 2017 walishinda watatu, Fatuma Dullo wa Isiolo, Susan Kihika wa Nakuru na Margaret Kamar wa Uasin Gishu. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Lamu ilikuwa na watu 143,920 na Nairobi 4,397,073. Na kaunti hizi mbili zina seneta mmoja mmoja. Majaji wa Marekani wa mwaka 1964 wasingekubali.

Hata hivyo Seneti hii ya pili inayo kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho. Katiba imeweka kwamba kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na Seneti ndiyo inayoamua namna ya kugawanya fungu hilo baina yao. Mwaka 2020 maseneta walibishana kwa muda mrefu, wakaahirisha mara nyingi, kwa kuwa kanuni iliyopendekezwa ingezipunguzia fedha kaunti zenye watu wachache. Waliotetea kaunti hizo walitoka katika vyama vyote, wa serikali na wa upinzani, na Septemba wakapatana juu ya njia ambayo hakuna kaunti ingepata pungufu ya ilivyokuwa ikipata. Ubishi ule uliwachosha watu. Lakini siku zile maseneta hawakusimama kwa mguu wa chama. Walisimama kwa mguu wa mahali walikotoka, kwa sababu nyumbani palikuwa na hazina, gavana na baraza la kaunti lililokuwa likiwatazama.

Mwisho

Katika habari zote hizi twapata mambo mawili. La kwanza, baraza la juu halilindwi na ugumu wa kifungu. Sehemu tisa katika kumi za kura hazikuitosha Seneti ya mwaka 1963, kwa sababu hapakuwako na wilaya zenye nguvu ya kuiulizia. La pili, jina laweza kuua maana. Tanganyika ililikataa baraza la machifu, na ilikuwa sawa. Lakini katika kulikataa haikutenga mambo mawili ambayo mila ya Rungwe ilikwisha yatenga zamani, yaani cheo cha damu na kauli ya kijiji.

Hatupendekezi kwamba Tanzania ijenge ukumbi wa pili na kuongeza wajumbe wa kulipwa. Nebraska yaishi na chumba kimoja, na Ibara ya 98 yaonyesha kwamba ulinzi waweza kuwekwa bila ukumbi. Twasema tu kwamba mpiga kura wa Kawetele, ashikapo karatasi yake ya tatu, ile ya Diwani, ameshika karatasi ya halmashauri ambayo iliwahi kuondolewa kwa amri na kurudishwa kwa sheria, naye hakuulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili. Ikiwa iko siku atapewa njia ya kuulizwa, jina la njia hiyo, liwe seneti au baraza au jingine, litakuwa jambo dogo.